Ijumaa Uliyopewa na Karatasi

Kibiti, Jumatano baada ya Alasiri, mwezi kumi na tano Mfungo Tano

Baba Mwajuma mpendwa,

Leo kwetu kisiwani maji yamejaa. Sijayaona, lakini nayajua, maana mwezi umeshiba na tangu jana mifupa ya miguu inaniambia ni bamvua. Ungekuwapo, saa hizi ungekuwa unamsimanga mtu aliyefunga mtumbwi wake kwa kamba fupi.

Nimekaa chumbani kwa dada yako Somoe, chumba kile kile. Dirisha linatazama mkorosho na ukuta wa jirani. Tangu tulipokuzika sijavuka kizingiti cha mlango wa mbele. Eda ni miezi minne na siku kumi, nami nimeikaa kama inavyotakiwa, bila wanja, bila manukato, bila kutoka. Inaisha Jumapili. Watu huja kunitazama, hukaa mkekani kidogo, huondoka. Mimi huwasindikiza kwa macho mpaka pazia litulie.

Ukutani kuna kalenda ya duka la dawa za mikorosho. Wifi aliitundika usawa wa macho yangu ili nipate kuhesabu, na nimeichoka. Barua hii nimeianza kwa tarehe ya mwezi wa angani kwa sababu ni wewe ninayekuandikia, na wewe hukuwahi kuniuliza leo ni tarehe ngapi ya ofisini. Siku hizi, Baba Mwajuma, kila mtu ananiuliza tarehe. Ndiyo maana nimekaa nikuandikie.

Nakumbuka ulivyokuwa ukirudi na vipande vya maboksi, ile miaka uliyofunga kaa kwa yule mnunuzi aliyewapeleka China. Mikono inanuka tope la mikokoni, kucha zimekatika, na kwapani una makaratasi magumu, eti ya kuwashia moto. Lakini ulikuwa huyawashi kabla hujayasoma. Mimi nimeinama mekoni nasubiri moto, wewe umechutama unaniuliza, "Mama Mwajuma, hawa jamaa wameanza na mwaka. Umeona?" Nikaona. Mwaka mbele, mwezi katikati, siku mwishoni kabisa. Nikakwambia basi wamekosea. Ukasema hapana, maboksi yote yako hivyo hivyo, na watu wengi namna ile hawawezi kukosea pamoja kila siku.

Ndipo uliponipa ile hesabu yako ya ukoo. Ulisema mwaka ni babu, mwezi ni baba, siku ni mtoto. Mchina anamwamkia babu kwanza, kisha baba, mtoto anakuja mwisho. Sisi tunaanza na mtoto. Nikakuuliza kwa nini tunaanza na mtoto. "Kwa sababu ndiye anayelia," ukasema. Na kweli Mwajuma alikuwa analia, njaa, kwa sababu baba yake anasoma kuni badala ya kuziwasha.

Sikujua kama siku moja hayo yangekuja kunihusu. Mimi niliishia darasa la saba, wewe hukufika huko, na tarehe tulizozihitaji zilikuwa za mwezi wa juu tu. Mwezi ngapi maji yatajaa, mwezi ngapi yatakuwa mafu, lini boti litapita mkondoni na lini litakwama. Siku ilianza jua likizama. Hakuna aliyetufundisha hivyo, ndivyo tulivyowakuta wazazi wetu wakiishi.

Kisha Mwajuma akaolewa na kijana wa Mtawanya aliyekuwa akifanya kazi Marekani, akamfuata. Katika simu zake za mwanzo alitueleza mambo mengi, baridi, bei ya ndizi, na katikati akasema huko wanaanza na mwezi, halafu siku, halafu mwaka. Ukanyamaza. Mimi nilidhani mtandao umekatika, kumbe unawaza. Halafu ukasema basi Mmarekani anamwamkia baba mwenye nyumba, anambeba mtoto, na babu anamkumbuka akishavaa viatu vya kuondokea. Mwajuma alicheka mpaka simu ikakwaruza. Tangu hapo kila akituandikia tarehe, ulimtumia swali lako kwanza. "Kikwetu au kikwao?" Mwishowe akachoka, akawa anaandika jina la mwezi kwa herufi.

Na unakumbuka zile dawa zangu za miguu alizotuma na mtu? Nilisoma kopo nikaona zimeshapita muda, tena zamani. Nikatoka nalo nikalimwage mkondoni. Ukanidaka njiani, ukaligeuza kopo, ukaniambia niisome tarehe ile kikwao, nitaona bado ina miezi. Halafu ukatazama maji. "Tena ungewapa kaa dawa ya miguu," ukasema, "na miguu yao ilivyo mingi, isingewatosha."

Alikulalamikia hata juu ya jina lake. Kazini kwake walikuwa wakichezea simu zao, kila mtu anatafuta alizaliwa siku gani ya wiki. Yeye akajigamba kwamba jina lake lina Ijumaa ndani. Wakaiingiza tarehe ya kadi yake ya kliniki, ikatoka Alhamisi, wakamcheka. Akakupigia, "Baba, umenipa jina la siku isiyo yangu." Mimi nilikuwa pembeni nasikia, na niliyezaa ni mimi. Alizaliwa zahanati, jua limezama, watu wametoka kuswali Magharibi. Nesi kaandika tarehe ya mchana uliopita, wewe umemwita kwa siku iliyoingia. Ulimjibu taratibu, "Waambie ulizaliwa kwetu." Ikaishia hapo. Wakati ule ilikuwa ya kuchekesha.

Masika yalipoanza ukaugua. Nisiirudie safari ile. Tulikutoa kwa boti mpaka Nyamisati, tukakupandisha gari mpaka hapa Kibiti. Hospitali wakakutazama, wakatupa dawa za maumivu, wakasema tukakuuguze nyumbani. Nyumbani kwetu kulikuwa mbali na maji yalikuwa mafu. Ukasema tukae kwa Somoe mpaka bamvua, boti lipande mpaka mlangoni kwetu, usibebwe topeni kama gunia la chumvi. Ilikuwa Mfungo Mosi, Idi imepita juzijuzi. Kabla ya hapo tulikuwa tumekwambia kwamba Mwajuma ana mimba, ya kwanza baada ya miaka yote ile. Ulifumba macho ukatabasamu, ukaniuliza kama huko watamwandika mtoto kwa mwezi kwanza. Nikasema ndiyo. Ukasema haidhuru, bora azaliwe.

Bamvua haikukukuta.

Jua lilikuwa limezama. Adhana ya Magharibi ilikuwa imepita, na wifi alikuwa uani. Mvua ilikuwa inapiga bati. Uliniomba maji. Nikakunyanyua kichwa, nikakupa kwa kijiko. Cha kwanza ulimeza, cha pili ulimeza. Cha tatu kilitoka pembeni mwa mdomo, kikapita shingoni, nikakifuta kwa upindo wa khanga. Nikakuita. Nikakuita tena. Nikakilaza kijiko kikombeni na nikakifunika kikombe kwa kisahani, sijui kwa nini, kama mtu anayekuwekea maji utakayoyarudia. Ilikuwa saa moja na nusu. Ya Isha ilikuwa bado haijaadhiniwa.

Wifi alipoingia akaona, alilia sana, halafu akajifuta uso, akaniambia Mungu amempenda ndugu yake. Ijumaa ilikuwa imeingia. Unajua kwetu mtu akifa Ijumaa, au usiku wake, watu hupunguza kilio kidogo. Husema amechaguliwa, husema kaburi litakuwa jepesi kwake. Mimi pia nilijisemea hivyo, na ndilo neno lililonishika mkono usiku ule. Kulipokucha, mchana tukakuzika. Watu walikuwa wengi mno, maana walikuwa wameshakusanyika msikitini kwa swala ya Ijumaa, wakatoka moja kwa moja na jeneza, kanzu zao zote zikajaa tope.

Asubuhi ya siku hiyo wifi alichukua kibali cha mazishi kwa mtendaji, na matanga yalipokwisha akarudi kutoa taarifa ya kifo. Aliulizwa tarehe, akataja ya Ijumaa. Aliulizwa saa, akasema saa moja na nusu usiku. Mtendaji ni kijana wa bara, mpole, akaandika kama alivyoambiwa. Cheti kikaja hivyo hivyo, kikakaa kabatini, hakuna aliyekitazama mara ya pili.

Kumbe Mwajuma atakihitaji. Anataka nikae naye atakapojifungua, na katika makaratasi ya kuniombea njia huko kwao alitakiwa aonyeshe kwamba mimi ni mjane. Akatuma picha za cheti na za kibali cha mazishi. Wakamrudishia. Wakamwambia tarehe hazikubaliani, kwa sababu kibali kinasema baba yake alizikwa Ijumaa mchana, na cheti kinasema alikufa Ijumaa jioni. Alinipigia akaanza kwa kucheka. "Mama, wanasema tumemzika Baba kabla hajafa." Kisha akakata simu.

Siku hiyo nilikaa na cheti magotini mpaka macho yakaniuma. Karatasi imekupa Ijumaa nzima, Baba Mwajuma, siku ambayo mimi sikupewa. Nikawaza uliitumiaje. Labda uliketi barazani asubuhi mvua ikikatika. Labda uliwaona wanaume wakipita na jeneza, ukauliza ni nani huyo, ukajiunga nyuma kama ulivyozoea, maana ulikuwa humwachi maiti wa mtu apite. Niliwaza hivyo nikajionea haya.

Mtendaji alisema kosa linarekebishika, ila anatakiwa mtu aliyekuwapo wakati wa kufa aape mbele ya wakili. Aliyekuwapo ni mimi peke yangu. Na kwa kuwa sitoki, walikubali kuja wao. Kabla ya siku yenyewe mtendaji alipita kwanza kuzungumza. Alikaa ukumbini, mimi nikawa nyuma ya pazia la chumba, wifi akawa katikati yetu kwenye kiti kifupi anachambua mchele.

Mtendaji akajitetea kwamba aliandika alichoambiwa. Wifi akamwambia na yeye alimwambia kweli, jua lilishazama, tarehe ishaingia.

"Kwetu siku inageuka saa sita usiku, mama," akasema mtendaji.

"Watu wamelala?" wifi akamwuliza. "Sasa nani anaiona ikigeuka?"

Yule kijana akacheka. Hata mimi nilicheka nyuma ya pazia, mara ya kwanza tangu uondoke, nikajiziba mdomo kwa khanga.

Lakini alipoelezwa kwamba cheti kitabidi kisome Alhamisi, wifi akaweka ungo chini. Hakupandisha sauti. Alisema ndugu yake amekufa Ijumaa, kijiji kizima kimemsomea kama mtu wa Ijumaa, na yeye hatakaa ndani ya nyumba yake akasikia mtu anaapa kumwondoa humo. Alisema wewe ulikuwa mtu wa dhiki tangu mdogo, hukuachiwa kitu na baba yenu, na Mungu alipokupa jambo moja la heshima mwishoni, tunataka kuliuza kwa ajili ya safari. Neno hilo la kuuza liliniingia kama mwiba wa samaki.

Ndipo mtendaji, kwa wema wake, akatafuta njia ya kati. Akasema tarehe tuiache ya Ijumaa, tubadilishe saa tu. Tuandike saa saba usiku. Kwa hesabu ya ofisi itakuwa Ijumaa, kwa hesabu ya wifi itakuwa Ijumaa, mazishi yatakuja baada ya kifo, na Wamarekani hawatakuwa na la kuuliza. "Kila mtu anapata chake," akasema. Wifi akauchukua tena ungo. Niliusikia mchele ukianza kucheza.

Jioni Mwajuma akapiga. Nikamweleza. Akasema Mama, sema tu hivyo, ni saa chache, nani anaumia? Sina mtu huku, Mama. Mume wangu yuko kazini mchana kutwa, nitashikwa na uchungu nikiwa na nani? Sauti yake ilikuwa ile ya utotoni, ya kutafuta mkono gizani.

Basi nikawa humo. Mlango wa mbele sitoki kwa ajili ya eda. Kwa wifi, ambaye ananilisha na kunitunza, kuna Ijumaa yako. Kwa mwanangu kuna tumbo linalokua. Na hao wawili, pamoja na yule kijana, walikuwa wamenitengenezea kitu kidogo cha kusema, maneno mawili, kila mtu alale vizuri. Nilikuwa nazunguka chumba hiki, kutoka kitandani mpaka dirishani, kutoka dirishani mpaka kitandani, nikirudia maneno hayo. Saa saba usiku. Saa saba usiku. Kuyazoeza ulimi.

Ulimi ulikubali. Kilichokataa ni kile kikombe.

Nisikilize, Baba Mwajuma, maana haya sijayasema kwa mtu. Mimi najua zilivyopita zile saa wanazotaka kukuongezea. Nilikufumba macho. Nilikufunga taya kwa kitambaa. Nilikunyoosha miguu kabla haijakakamaa, nikakugeuza kuelekea kibla, nikakaa. Kikombe kilikuwa palepale juu ya kigoda, kimefunikwa, kijiko ndani. Sikukigusa. Nikiapa kwamba ulikuwa hai mpaka saa saba, basi naapa kwamba mume wangu aliyeniomba maji alilala pembeni yangu masaa yote hayo akiwa hai, mdomo umefungwa kwa kitambaa, na mimi nimekaa namtazama, sikumpa hata kijiko kimoja. Naapa hivyo na mkono juu ya Msahafu, na karatasi hiyo inabaki. Wajukuu wataisoma. Na mimi kila nikilala nitausikia mdomo wako.

Wao waliona saa tu. Sikuwaambia sababu yangu. Nisingejua nianzie wapi.

Wakili alikuja na mtendaji siku ya pili yake, mtu mzima mwenye kikohozi. Nilipitisha mkono chini ya pazia, wifi mwenyewe akaniwekea Msahafu. Nikahisi vidole vyake vimenibana kidogo juu ya mkono, namna ya mtu anayekukumbusha mlichoagana. Wakili akasoma jina lako lote. Akaniuliza alikufa lini. Nilikuwa nimekaa kitako na nikaona bora nipige magoti.

"Andikeni Alhamisi," nikasema. "Saa moja na nusu usiku."

Mtendaji akaita, mama, mama, kwa sauti ya chini, kama anayemzindua mtu. Wakili akaniuliza kama nina hakika na saa hiyo.

"Nilikuwa na kijiko mkononi," nikamwambia.

Hakuelewa, lakini aliandika. Nilimwomba aongeze kwamba jua lilikuwa limezama na Magharibi imeswaliwa. Akasema karatasi haina mahali pa jua. Nikaweka dole gumba, ingawa najua kuandika, kwa sababu ningeandikia chini ya pazia na sikutaka jina letu litoke limepinda.

Wifi alisubiri wakatoka, akawasindikiza hata nje, adabu zake unazijua. Aliporudi alisimama upande wa pili wa pazia. "Umemtoa ndugu yangu kwenye Ijumaa yake," akasema. Nilitaka kumjibu kwamba malaika hawaendi ofisini kusoma vyeti, kwamba jua lililozama limeshazama na hakuna wakili wa kulirudisha juu. Yote yalinijia baadaye. Wakati ule nililia tu.

Tulikuwa tunakula sinia moja, mimi na yeye. Sasa ananiletea sahani, anaiweka chini karibu na mlango, anagonga mara moja, anaondoka. Chakula ni kilekile, nazi imekolea, samaki amechaguliwa kipande kizuri. Hajaninyima kitu. Ila ananiita Mama Mwajuma, haniiti tena wifi. Nyumba hii ina vyumba vinne, na sijui niende chumba gani nisikutane na Ijumaa yako.

Cheti kipya kimekuja. Mwajuma amekitafsirisha kwa Kiingereza, amenitumia picha, na humo wamekuandika kikwao, mwezi mbele, siku nyuma yake. Nimeitazama muda mrefu. Nimemwona baba ameamkiwa, mtoto amebebwa, na babu amekumbukwa mwishoni. Wameikubali. Jumapili nikitoka eda, Jumatatu nakwenda Dar es Salaam kuhojiwa ubalozini kwao, na wakiniridhia ndege haitakawia, maana miezi ya Mwajuma inakaribia. Nyumba yetu kisiwani sitaiona. Jirani ameniambia ameufunga mlango kwa kamba na kuku wetu amewachanganya na wake. Nilidhani eda ikiisha nitakuwa nimefunguliwa. Kumbe natoka mlango huu naingia wa gari, natoka wa gari naingia wa ndege, na huko nasikia majira ya baridi watu hawatoki.

Somoe atabaki karibu na kaburi lako. Amelijengea ukingo wa matofali, maji ya vuli yasilimege. Kibao bado hajaandika tarehe. Amemwambia fundi aache nafasi. Sijathubutu kumwuliza ataweka ipi, na nikiwa mbali sitajua. Akiweka Ijumaa, nitamshukuru. Nataka ujue hilo. Mdomo wangu umesema Alhamisi kwa wale waliouliza kwa hesabu yao, na roho yangu haijawahi kukuhesabu popote ila pale ulipo.

Jambo moja tu linanitisha kuhusu huko niendako. Kila wiki jua linapozama Alhamisi, nimekuwa nikikaa upande wa dirisha na kukusomea Yasini. Wakati huohuo wanakusomea huko kisiwani na wanakusomea msikiti wa hapa, inakufikia pamoja na za wenzio. Nimemwuliza Mwajuma kuhusu jua la kwao. Anasema likizama kwao, huku usiku umekwisha kuwa mkubwa, majira mengine watu wanakaribia kuamka kuswali Alfajiri. Yaani nitakapofungua kitabu, wengine watakuwa wameshakusomea na kufunga. Yangu itafika peke yake, imechelewa, na wewe umeshapokea za watu wote.

Usidhani nimesahau. Siwezi kulitangulia jua la kule nilikopelekwa. Wenzako wakishapokea na kutawanyika, wewe kaa kidogo, Baba Mwajuma. Nakuacha na salama ya Mungu aliyekuchukua. Nikumbuke.

Mkeo,
Mama Mwajuma